Tarehe, Mahali na Picha: Utunzaji wa Metadata za Kamera katika Historia ya Mwambao wa Mwamgongo

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliufikia mdomo wa Mto Lukuga, unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuelekea bonde la Kongo, akaukuta umezibwa. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyeishi Ujiji, aliyaona maji yakitoka hapo kwa nguvu. Bila tarehe, taarifa hizi mbili zingepingana. Zikiwa na tarehe, zinasimulia kwa pamoja jinsi ziwa lilivyojaa, likafunguka, kisha likaanza kupungua.

Kanuni hiyo inazihusu pia picha za dijitali za Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe upande wa kaskazini. Ziwa lilipopanda tena mwanzoni mwa miaka ya 2020, picha ya ufuko iliweza kuonyesha maji yalipofikia. Hata hivyo, thamani yake kwa mwanahistoria hutegemea kujulikana ilipigwa lini na wapi. Kamera huandika taarifa hizo, yaani metadata, ndani ya faili ghafi, kwa kawaida kwa kufuata kiwango cha Exif kilichotolewa Japani mwaka 1995. Hatari hutokea faili hiyo inapogeuzwa kuwa JPEG au TIFF: baadhi ya programu hunakili metadata zote, baadhi hunakili sehemu tu, na nyingine huziacha kabisa.

Upotevu wa sehemu ndio wenye madhara zaidi, kwa kuwa hauonekani upesi. Katika Exif, namba ya latitudo huhifadhiwa mbali na herufi inayoonyesha kaskazini au kusini. Mwamgongo iko takribani nyuzi 4.6 kusini mwa Ikweta. Herufi ikipotea na namba ikasomwa kuwa ya kaskazini, kijiji huhamia karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Kongo, umbali wa takribani kilomita 1,000. Hali ya saa inafanana na hiyo. Exif ilipata nafasi rasmi ya kuandika tofauti na saa ya dunia mwaka 2016 tu, ilhali ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, saa iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja. Picha mbili za pwani hizo mbili zaweza kuonekana za wakati mmoja bila kuwa hivyo.

Kwa sababu hiyo, faili ghafi haina budi kubaki bila kuguswa, hata baada ya nakala kutengenezwa. Programu kama ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey, huweza kuhamisha metadata kutoka faili ghafi hadi nakala. Kisha mtunza nyaraka hulinganisha faili zote mbili, kipengele kwa kipengele, kabla ya kuipokea nakala hiyo.

Inaweza kudaiwa kwamba saa ya kamera yenyewe huenda ilikosewa tangu mwanzo. Dai hilo ni la kweli, lakini halihalalishi kufuta. Metadata ni kauli ya shahidi, na kauli ya shahidi huhakikiwa, haifutwi. Sahihisho liandikwe kando yake, likitaja sababu, ili mtafiti ajaye aweze kupima kosa na sahihisho kwa pamoja.