Wiki Nane za Gwata

Daftari langu la kwanza la mafunzo kwa vitendo lina uongo. Ukurasa wa wiki ya tatu unasema nilipima mwinuko wa barabara na kukokotoa kiasi cha kifusi. Kweli ni kwamba wiki ile, kwenye saiti moja upande wa Gwata, wilayani Kibaha, nilishika fimbo ya kupimia huku mwingine akisoma namba kwenye mashine. Mchana nilitumwa vocha. Jioni nilinakili namba za fundi, msimamizi akasaini bila kusoma, na chuoni nikapata A.

Wanafunzi wa uhandisi tunaiita PT. Kwa miaka kadhaa niliamini tatizo lilikuwa uvivu wangu, au ubahili wa kampuni ile. Nilipoanza shahada ya uzamili na kusoma historia ya reli zetu, nikaona swali ni la zamani kuliko mimi: kazi kubwa inapojengwa, nani anafundishwa?

Jina Gwata utalikuta Kibaha, na Kisarawe pia. Kibaha inapitiwa na Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Waafrika walifyeka, wakainua matuta, wakabeba mataruma na vyuma. Ramani na hesabu zilibaki mikononi mwa wageni. Kibarua hakutarajiwa kuuliza kwa nini tuta limepanda hapa na kushuka pale.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Tanganyika haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya uhandisi. Kijana aliyeitaka alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi.

Wakati huohuo, upande wa Kisarawe, TAZARA ilikuwa inajengwa. Kazi ilianza Oktoba 1970, na mwaka 1976 reli hiyo ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Wachina wengi hawakujua Kiswahili, na vijana wetu hawakujua Kichina, kwa hiyo somo lilikuwa la macho na mikono: fundi anafanya, wewe unatazama, kisha unafanya naye akitazama. Vijana wapatao 200 wa nchi hizi mbili walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji na uhandisi wa reli. Hata baada ya makabidhiano, wataalamu wa Kichina walibaki kwa muda wakifanya kazi bega kwa bega na wenyeji.

Sitaki kuipamba TAZARA. Vibarua wengi mkataba ulipoisha walirudi makwao, na reli yenyewe imepita miaka migumu. Lakini swali la nani ataiendesha kesho liliulizwa kabla reli haijakamilika. Leo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu wa kumlea mhitimu chini ya mhandisi mzoefu. Ni mpango mzuri, ila unamkuta mtu akiwa tayari na shahada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado anategemea bahati ya kumpata mtu mwenye subira. Na subira ina gharama, kwani mkandarasi halipwi kwa kufundisha.

Gharama hiyo niliionja mwenyewe mwaka jana, nilipopewa wanafunzi wawili wa PT wanisaidie kupima. Siku ya pili nilimpa mmoja wao mashine, mimi nikashika fimbo. Tuliporudi kwenye alama ya mwanzo hesabu hazikufunga. Mahali fulani alikuwa amesoma namba vibaya. Ningeweza kuimaliza kazi peke yangu kabla ya jua kuzama. Tulirudia vituo vyote sita, na dereva akanung'unika njia nzima kurudi.

Ijumaa aliniletea daftari. Alikuwa ameandika: "Nilikosea kusoma. Tumerudia vituo sita. Kosa lilikuwa kituo cha nne."

Nilisoma ukurasa mzima, kisha nikasaini.