Katekisimu Moja, Lugha Mbili

Tumezoea kusema usharikani kwamba watu wa imani moja hawawezi kuoneana. Historia ya Schleswig, eneo lililo mpakani mwa Ujerumani na Denmark, inatufundisha kusema hivyo kwa uangalifu. Huko pande zote mbili walikuwa Walutheri. Waliwafundisha watoto Katekisimu Ndogo ile ile tunayowafundisha vijana wetu wa kipaimara. Hata hivyo walinyang’anyana lugha.

Katika miaka ya 1850 serikali ya Denmark ililazimisha Kidenmark shuleni na kanisani, hata kwenye vijiji vilivyozoea Kijerumani. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani, na baadaye eneo hilo likawa la Prussia. Mwaka 1888 ikawa zamu ya Prussia: Kijerumani kikafanywa lugha ya kufundishia, na Kidenmark kikaachiwa vipindi vichache vya dini. Aliyeonewa jana, akipata nguvu, alionea leo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliwapa wenyeji nafasi ya kupiga kura. Mwaka 1920 kaskazini ilichagua Denmark, na sehemu ya kusini, pamoja na mji wa Flensburg, ikachagua Ujerumani. Kura ni bora kuliko bunduki, lakini haimalizi kila jambo. Wajerumani wengine walibaki kaskazini na Wadenmark wengine kusini, kila kundi likiwa dogo katika nchi ya wengi.

Vita vya Pili viliacha uchungu mkubwa. Katika uchaguzi wa jimbo la Schleswig-Holstein wa mwaka 1954, chama cha Wadenmark kilipata zaidi ya kura 40,000 bila kupata kiti hata kimoja, kwa sababu hakikufikisha asilimia 5 ya kura. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa ikijiandaa kuingia NATO, ambamo Denmark ilikuwa mwanachama tayari. Ugomvi wa mpakani ukawa jambo la meza kubwa.

Tarehe 29 Machi 1955, huko Bonn na Copenhagen, kila serikali ilitoa tamko kuhusu watu walio wachache ndani ya nchi yake. Mtu akisema yeye ni Mdenmark au Mjerumani, hakuna ofisa wa kumhoji wala kumpima. Chama cha Wadenmark kiliondolewa sharti la asilimia 5, na mitihani ya shule za makundi hayo ikatambuliwa. Miaka 40 baadaye, mwaka 1995, Baraza la Ulaya lilifungua mkataba wa kulinda jamii ndogo za kitaifa, ulioanza kutumika mwaka 1998. Nchi zilizouridhia hutoa taarifa, nazo hukaguliwa na wataalamu kutoka nje.

Wapendwa, imani moja haikutosha kuzuia dhuluma. Ilihitajika ahadi iliyotamkwa hadharani, huku jirani akisikiliza. Siku ya Pentekoste Roho hakuwalazimisha wageni wajifunze lugha ya Galilaya. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Basi, katika sharika zetu zenye kabila kubwa na makabila madogo, tusitegemee wema wa moyo peke yake. Tuandike haki ya mdogo, kisha tumruhusu mwingine atuulize kama tumeitimiza.