Nyara za Serikali: Istilahi na Dhamana Iliyo Ndani Yake

Miongoni mwa ibara zisomwazo mara kwa mara katika mahakama za Tanzania, hasa pale mshtakiwa anapoletwa kwa jinai inayowahusu wanyama wa porini, imo ibara hii fupi ya kupatikana na nyara za Serikali bila kibali, ambayo makarani huiandika, magazeti huinakili, na wasikilizaji wa redio huisikia hata ikawa kama neno moja la kawaida lisilohitaji sherehe wala tafsiri. Walakini ukimwuliza msomaji wa kawaida nyara ni kitu gani, na kwa nini ziwe za Serikali hali zimetoka katika mwili wa tembo ambaye Serikali haikumzaa wala haikumlisha, utamkuta akisita. Na kusita huko si jambo dogo, kwa maana sheria isiyofahamika kwa jina lake ni vigumu kuheshimiwa kwa maudhui yake.

Neno nyara lenyewe ni la kale, na makazi yake ya kwanza ni vitani. Katika Kiswahili cha wazee wetu nyara ni mali au watu waliotwaliwa kwa nguvu kutoka kwa adui, nalo ni jirani wa ngawira na mateka. Na hata leo, mtu akishikwa na wahalifu na kufichwa ili jamaa zake walipe fidia, husemwa kwamba ametekwa nyara. Wafasiri wa sheria za wanyama walilitwaa neno hili ili lisimame mahali pa neno la Kiingereza trofi, na sijui kama walifahamu jinsi walivyolenga shabaha, kwani trofi nalo asili yake ni vita: Wayunani wa kale walipomshinda adui walisimamisha mahali alipogeuka na kukimbia alama iliyovikwa silaha na ngao zake, wakaiita tropaion, na kutoka huko neno likapita Kilatini na Kifaransa hadi likamfikia mwindaji wa Kizungu aliyetundika kichwa cha nyati ukutani kwake. Basi lugha mbili zilizo mbali namna ile zilikutana katika wazo moja, kwamba mnyama aliyeuawa ni adui aliyeshindwa na kiungo chake ni ushahidi wa ushindi. Wazo hilo ndilo ninalotaka kulipinga katika makala haya, ingawa neno lenyewe sitaki liondolewe.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, imelipanua neno nyara kupita mipaka ya vita na ya uwindaji pia. Kwa mujibu wake nyara ni mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa, na ni pembe, jino, mfupa, ukucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, unyoya, yai au sehemu yoyote nyingine ya mnyama huyo, pamoja na kitu chochote kilichotengenezwa kutokana na sehemu hizo. Kwa hiyo bangili ya pembe ni nyara, mkia uliogeuzwa mwengo ni nyara, na kitoweo cha nyama ya pundamilia kilichomo chunguni ni nyara vile vile. Linalowashangaza wengi ni kwamba twiga aliye hai, anayekwenda kwa miguu yake, naye anaweza kuwa nyara. Na Watanzania walilijua hilo kwa uchungu mwezi Novemba 2010, wakati wanyama na ndege hai zaidi ya 100, twiga wakiwamo, walipopakiwa katika ndege kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar kinyume cha sheria. Hapo hapakuwa na damu wala risasi, lakini wizi ulikuwa wizi, na istilahi ilitosha kuuelezea.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili ya ibara yetu, nayo ni hayo maneno mawili, za Serikali, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye kufanya fitina katika masikio ya watu. Mkulima anayeishi kando ya hifadhi, ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku na asipate fidia ya kutosha, asikiapo kwamba tembo yule yule akifa meno yake ni nyara za Serikali, hana lawama akidhani kwamba Serikali ndiyo iliyokwenda vitani na kurudi na ngawira. Hata hivyo sheria haikusema hivyo. Kifungu cha 4 cha sheria ile ile kinatamka kwamba wanyama wote wa Tanzania ni mali ya umma, na kwamba wamewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mdhamini si mwenye mali. Ni mtu aliyekabidhiwa amana, na kila aliyelelewa katika pwani yetu anajua uzito wa amana, kwamba aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuila, wala kuikopesha, wala kuiacha ikaharibika kwa uzembe wake. Fikra hiyo haikuzaliwa mwaka 2009. Mwalimu Julius Nyerere aliitangaza katika ilani iliyosomwa Arusha mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, alipokubali kwa niaba ya taifa lililokuwa likizaliwa dhamana ya kuwahifadhi wanyama kwa ajili ya watoto wa watoto wetu.

Kabla ya hapo pembe ilikuwa na wenyewe wengine. Katika falme kadhaa za bara, desturi ilikuwa kwamba tembo akianguka, jino lililogusa ardhi ni la mtawala wa nchi na la juu ni la mwindaji, jambo linaloonyesha kwamba fikra ya haki ya jamii juu ya mnyama wa porini haikuletwa na wageni. Lakini misafara ya karne ya 19 ilipofungua njia kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, desturi hizo zililemewa na bei. Unguja ikawa soko kubwa la pembe kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Shehena zikaenda Bombay na London, na nyingine zikafika jimbo la Connecticut huko Marekani, ambako viwanda vilizikata kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alijenga utajiri na utawala wake juu ya pembe. Lugha yetu ilihifadhi athari ya zama zile: watu wa pwani husema pembe za ndovu, wakati sheria na wataalamu wa elimu ya viumbe husema meno ya tembo, na hawa wa pili ndio walio sahihi, kwani kitu kile huota katika taya kama jino. Kipusa cha kifaru, kwa upande mwingine, si jino wala si mfupa, bali ni kitu cha jinsi moja na kucha zetu, na hakuna tabibu aliyethibitisha kwamba kina nguvu ya kuponya inayonunuliwa kwa bei ile.

Maadamu pembe huvuka bahari, sheria ya nchi moja haiwezi kuikomesha biashara yake, na hiyo ndiyo sababu ya mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, ujulikanao kote kwa jina la CITES. Kenya iliuridhia mwaka 1978 na Tanzania mwaka 1979, na leo nchi zaidi ya 180 ni wanachama. Mkataba huo hauna askari wala mahakama. Unalolifanya ni kuwagawa viumbe katika nyongeza tatu na kuzifunga nchi zenyewe zitunge sheria na kutoa adhabu. Walio katika nyongeza ya kwanza, ambao wako hatarini kutoweka, hawaruhusiwi kufanyiwa biashara. Walio katika ya pili huuzwa kwa kibali tu, baada ya wataalamu wa nchi inayouza kuthibitisha kwamba mauzo hayatadhuru uhai wa jamii yao porini. Na ya tatu ni ya viumbe ambao nchi moja imewaombea msaada wa nchi nyingine. Kakakuona, mnyama mpole ambaye wazee wa vijiji vyetu walimwekea mbele maji, nafaka na silaha ili wasome kheri au shari ya mwaka kwa kile atakachokiendea, amekimbiliwa na walanguzi wa magamba hata ikabidi jamii zake zote nane ziingizwe katika nyongeza ya kwanza katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016.

Tembo wa Afrika aliingizwa humo mwaka 1989, katika mkutano wa Lausanne, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta pendekezo. Ilikuwa lazima, kwani inakadiriwa kwamba katika muda wa miaka kumi tembo wa bara zima walipungua kutoka takriban 1,300,000 hadi takriban 600,000. Mwaka ule ule Tanzania ilianza Operesheni Uhai, iliyowatia jeshi, polisi na askari wa wanyamapori katika kazi moja, na kwa miaka kadhaa tembo walipumua. Kisha msiba ukarudi, na hesabu zake hazisomeki bila huzuni: sensa ya 2009 iliwakuta Tanzania tembo 109,051, na ile ya 2014 ikawakuta 43,330. Mwezi Agosti 2011 maofisa wa bandari ya Malindi, Unguja, walifungua shehena iliyokuwa ikisafirishwa kwenda Malaysia, wakakuta meno 1,041 yamefichwa ndani ya dagaa, ambao harufu yao ilitarajiwa kuwafukuza wakaguzi. Wataalamu wakiongozwa na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington walipolinganisha vinasaba vya meno yaliyokamatwa bandarini duniani na vinasaba vya kinyesi cha tembo kilichokusanywa maporini, walionyesha kwamba shehena nyingi kubwa za tembo wa nyika zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa hiyo elimu imeweza kulirudisha jino hadi kwao hata likikamatwa Singapore, na mlanguzi hana tena hoja ya kusema kwamba hakujua lilikotoka.

Ni hapa ambapo maana ya dhamana hujaribiwa, kwa kuwa meno yaliyokamatwa hayatupwi. Hukusanywa katika ghala la nyara, pamoja na ya tembo waliokufa kwa maradhi au uzee, na ghala likijaa mdhamini hushawishika. Mwaka 2008 Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe ziliruhusiwa na CITES, kwa idhini maalumu, kuuza akiba zao kwa China na Japani. Tanzania nayo iliomba mwaka 2010, katika mkutano wa Doha, iuze karibu tani 90, ikakataliwa. Kenya ilishika njia nyingine tangu Julai 1989, Rais Daniel arap Moi alipowasha moto juu ya tani 12 za pembe katika hifadhi ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105. Wako wanaosema kuwa kuchoma mali nchini penye umaskini ni israfu. Mimi naona kwamba amana ikiuzwa sokoni huwafundisha wanunuzi kuingojea nyingine, na kwamba hatua ya China ya kufunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017 ilikuwa na faida kwa tembo wetu kuliko fedha ambazo ghala lile lingeleta.

Lakini mdhamini ana wajibu kwa wenye mali pia, na wenye mali ni wananchi. Shauri la nyara huingia chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Afisa wanyamapori huandika hati ya thamani ya nyara, akikadiria thamani ya mnyama mzima kwa dola za Marekani na kuibadilisha kuwa shilingi, hata kama kilichokutwa ni kipande tu. Na kwa hesabu hiyo wapo waliokutwa na nyama ya pundamilia wakahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mfanyabiashara wa Kichina aliyepewa na watu lakabu ya Malkia wa Pembe za Ndovu, aliyehukumiwa katika mahakama ya Kisutu mwezi Februari 2019 kwa kuongoza genge lililosafirisha mamia ya meno kwa miaka mingi, alipewa miaka 15. Sisemi kwamba mwenye nyama hana hatia. Nasema kwamba istilahi moja imewafunika watu wawili wasiolingana kwa madhara wala kwa faida, na kwamba mizani ya adhabu imemlemea aliye karibu na pori kuliko aliye karibu na bandari. Operesheni Tokomeza ya 2013, iliyokusudiwa kuwasaka majangili, ilisimamishwa baada ya wananchi kuteswa na wengine kuuawa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Hiyo ilikuwa khiyana ya dhamana hali kadhalika.

Lugha inaweza kusaidia kutenganisha. Ujangili ni kitendo cha porini, cha kuua au kukamata bila ruhusa. Ulanguzi, ambao Wakenya huutumia kwa kila usafirishaji wa haramu, nasi Tanzania tulikuwa tukiuhusisha zaidi na wafichaji wa sukari na sabuni wa miaka ya themanini, unafaa kabisa kuwa jina la kitendo cha pili, cha kununua, kuficha, kughushi vibali na kuvusha mipaka. Na ningependa kuona hati za mashtaka zikiutaja kwa jina lake badala ya kuuficha nyuma ya neno kupatikana. Nyara zibaki nyara. Ila watunga kamusi, watakapofika kwenye neno hilo, wasiishie kuandika kwamba ni vitu vilivyotekwa vitani. Waongeze maana ya pili, kwamba ni mnyama wa porini, awe hai au amekufa, au sehemu yake yoyote, ambaye ni mali ya wananchi wote na ambaye Serikali imekabidhiwa kwa dhamana.