Ukaguzi wa mfumo wa usukani wa gari

Ukaguzi wa mfumo wa usukani ni uchunguzi wa sehemu zote zinazounganisha mikono ya dereva na magurudumu ya mbele ya gari, ili kubaini kama zimechakaa, zimelegea, zimepinda au zimepasuka. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki mfumo huo huitwa stelingi, na ulegevu wake huitwa plei.

Umuhimu wa ukaguzi huu unatokana na tabia ya sehemu zenyewe: kwa kawaida huchakaa polepole. Dereva anayeendesha gari lilelile kila siku huzoea ulegevu unaoongezeka kidogo kidogo, akawa anaurekebisha kwa mikono bila kutambua. Mara nyingi anayeushtukia ni mtu mwingine anayeliendesha gari hilo kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo hali ya stelingi haiwezi kuamuliwa kwa mazoea ya dereva. Hupimwa, kisha kila kiungo huchunguzwa peke yake. Kiungo kilicholegea sana kinaweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo, na hapo dereva hana tena njia ya kuliongoza.

Historia

Magari ya kukokotwa na farasi ya zamani yalikata kona kwa kugeuza ekseli nzima ya mbele. Mwaka 1817 Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari hayo mjini Munich, Ujerumani, alibuni mpango ambao kila gurudumu la mbele hugeuka kwenye egemeo lake. Mwaka uliofuata Rudolph Ackermann alisajili hataza ya ubunifu huo mjini London kwa niaba yake, na hadi leo kanuni hiyo inajulikana kwa jina la Ackermann. Katika kona, gurudumu la ndani hugeuka zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linazunguka duara dogo zaidi. Fimbo zinazounganisha magurudumu hayo mawili ndizo zinazotunza uwiano huo. Zikilegea, uwiano hupotea.

Usaidizi wa nguvu za mafuta ulianza kuuzwa katika magari ya abiria mwaka 1951, katika gari la Chrysler Imperial la Marekani. Usaidizi wa mota ya umeme ulianza mwaka 1988 katika gari la Suzuki Cervo la Japani.

Sehemu za mfumo

Mzunguko wa usukani hupitia mhimili wenye viungo vya msalaba hadi kwenye chombo kinachoubadilisha kuwa mwendo wa kushoto na kulia. Kuna aina mbili kuu za chombo hicho:

- Raki na pinioni: gia ndogo husukuma fimbo yenye meno. Hutumika katika magari mengi madogo, kama vile Toyota Corolla za sasa.
- Boksi ya stelingi: parafujo yenye gololi ndogo huzungusha mkono wa chuma unaovuta fimbo. Hutumika katika malori mengi na katika magari yenye ekseli nzima ya mbele, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70.

Kutoka hapo fimbo ziitwazo tairodi husukuma na kuvuta magurudumu. Kwenye ncha za tairodi, na pia mahali ambapo kitovu cha gurudumu hushikana na mkono wa sasipensheni, kuna bolijointi. Hiki ni kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha chuma kilichojazwa grisi, na hufunikwa kwa mpira wa kuzuia vumbi na maji.

Dalili za uchakavu

Dalili zinazojulikana zaidi ni hizi:

- usukani kuzunguka kidogo bila magurudumu kufuata;
- gari kuyumbayumba katika barabara iliyonyooka;
- mlio wa kugonga katika mashimo au wakati wa kukata kona;
- matairi ya mbele kulika upande mmoja;
- usukani kuwa mzito, au kutorudi katikati baada ya kona.

Hata hivyo dalili peke yake haitoshi kuhukumu. Usukani mzito unaweza kutokana na upungufu wa upepo katika matairi ya mbele. Gari kuvuta upande mmoja kunaweza kusababishwa na tairi au breki inayong'ang'ania. Mtetemo unaotokea katika mwendo fulani tu mara nyingi hutokana na magurudumu yasiyo na mizania. Kwa hiyo upepo na hali ya matairi huangaliwa kwanza, kabla ya kununua kipuri chochote.

Hatua za ukaguzi

Maandalizi

Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono hufungwa na magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi. Mtu haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Hutumia shimo la gereji, au gari huketishwa juu ya stendi imara. Kazi hii huhitaji watu wawili.

Kupima ulegevu

Magurudumu huelekezwa mbele. Kama gari lina usaidizi wa nguvu, injini huwashwa. Rula hushikwa karibu na ukingo wa usukani, kisha usukani huzungushwa taratibu kushoto na kulia hadi magurudumu yaanze tu kusogea. Umbali ambao ukingo umesafiri bila magurudumu kusogea ndio ulegevu. Miongozo ya ufundi ya magari mengi ya Toyota huweka kikomo cha milimita 30. Nchini Uingereza, kanuni za ukaguzi wa kila mwaka huweka milimita 13 kwa raki ya kawaida na milimita 75 kwa boksi, kwa usukani wenye kipenyo cha milimita 380. Kipimo cha mtengenezaji wa gari husika ndicho cha kufuatwa.

Kutafuta kiungo kilicholegea

Magurudumu yakiwa bado yamekanyaga chini, mtu mmoja hutikisa usukani kushoto na kulia kwa hatua fupi. Wa pili, akiwa shimoni, hutazama na kugusa kila kiungo kwa zamu, akiweka vidole mbali na mahali panapoweza kubana. Kiungo kizima hupeleka mwendo wote. Kiungo kilichochakaa huonyesha upande mmoja ukisogea huku upande wa pili ukichelewa, na mara nyingi mgongo wake husikika mkononi kabla ya kuonekana kwa macho. Uchunguzi huanzia kwenye viungo vya mhimili, hufuata raki au boksi pamoja na bolti zinazoishikilia, na kumalizia kwenye ncha za tairodi.

Kutikisa gurudumu lililoinuliwa

Gurudumu hushikwa pande za kushoto na kulia, kisha hutikiswa. Ulegevu wa mwelekeo huu mara nyingi huonyesha tairodi au raki. Halafu hushikwa juu na chini. Ulegevu wa mwelekeo huu huonyesha beringi ya gurudumu au bolijointi. Ili kutofautisha, msaidizi hukanyaga breki: ulegevu ukitoweka, beringi ndiyo inayoshukiwa, ukibaki, bolijointi ndiyo inayoshukiwa.

Mahali pa kuweka jeki pana maana. Kama springi imekaa juu ya mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo. Vinginevyo springi huendelea kubana bolijointi na kuficha ulegevu wake.

Kuangalia kwa macho

Mpira wa bolijointi uliopasuka ni kasoro hata kama kiungo bado hakijalegea, kwa sababu maji na mchanga huingia na grisi hutoka. Hutazamwa pia tairodi iliyopinda baada ya kugonga shimo au jiwe, nati iliyolegea, pini ya usalama iliyokosekana, na nyufa katika chesisi karibu na bolti za boksi. Katika raki ya mafuta, mipira ya pembeni hubonyezwa. Ikiwa na mafuta ndani, sili za raki zimeharibika.

Usaidizi wa nguvu

Kiasi na rangi ya mafuta huangaliwa, pamoja na mkanda wa pampu na mipira inayopitisha mafuta. Mafuta yenye povu huashiria hewa katika mfumo. Yenye harufu ya kuungua huashiria joto kupita kiasi. Usukani huzungushwa hadi mwisho wa kila upande bila kushikiliwa hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa mafuta hupata joto haraka. Mfumo wa umeme hauna mafuta. Hitilafu yake huonyeshwa na taa ya tahadhari kwenye dashibodi.

Matengenezo baada ya ukaguzi

Bolijointi au tairodi iliyolegea hubadilishwa. Kugonga kikombe ili kibane, kuchomelea ufa wa fimbo au kunyoosha fimbo kwa moto huficha kasoro bila kuiondoa, na joto hudhoofisha chuma kilichotengenezwa kwa nguvu maalumu. Kabla ya kufungua ncha ya tairodi, fundi huhesabu mizunguko yake kwenye hesi ili ncha mpya irudi karibu na mahali pa zamani. Pini ya usalama huwekwa mpya.

Baada ya hapo mwelekeo wa magurudumu hupimwa kwa mashine. Mpangilio huu ni muhimu: kurekebisha mwelekeo kabla ya kubadilisha viungo vilivyolegea ni kupoteza fedha, kwa kuwa kipimo hubadilika mara gari linapotembea. Mwisho hufanyika jaribio la barabarani kwa mwendo mdogo.

Ukaguzi katika Afrika Mashariki

Barabara za vumbi, mashimo na matuta huchakaza mipira na viungo haraka kuliko barabara laini, na magari mengi huingia nchini yakiwa tayari yametumika, hasa kutoka Japani. Nchini Kenya ukaguzi wa magari husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi. Nchini Tanzania hufanywa na askari wa usalama barabarani wa Jeshi la Polisi. Ukaguzi wa kisheria huonyesha hali ya gari katika siku ile tu. Kwa hiyo stelingi hupaswa kuangaliwa kila gari linapofanyiwa sevisi, na mara moja baada ya kugonga shimo kubwa, hata kama dereva haoni tofauti yoyote.

Tazama pia

- Breki
- Gari
- Sasipensheni
- Tairi
- Usalama barabarani