Kuficha si kufuta: Mambo ya kujua kuhusu kumbukumbu za ununuzi katika simu

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hizi mbili zimegongana katika simu ya mkononi, ambayo siku hizi ni mkoba, daftari na shahidi wa mwenyewe kwa wakati mmoja.

Mjini Garissa, mnunuzi anayelipia maziwa ya ngamia, kitambaa katika soko la Suuq Mugdi au dawa dukani kwa kutumia rununu yake hupokea arafa papo hapo. Arafa hiyo hutaja kiasi alicholipa, jina la aliyelipwa, tarehe, saa na salio. Haitaji bidhaa yenyewe. Hata hivyo, jina la duka la dawa, la muuzaji miraa au la kampuni ya kamari latosha kumweleza mtu mwingine jambo ambalo mwenye simu hakutaka lijulikane.

Je, mteja anaweza kuondoa machoni pa wengine ununuzi asiotaka uonekane? Na akiuondoa machoni, je, umefutika? Maswali haya mawili huchanganywa na wengi, ilhali majibu yake yako mbalimbali.

Daftari lilivyohamia katika simu

Kabla ya mwaka wa 2007, ununuzi mwingi katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ulifanywa kwa fedha taslimu au kwa mkopo wa dukani. Fedha taslimu hazina kumbukumbu: noti ikishapita mkononi haisemi ilikotoka. Mkopo nao uliandikwa katika daftari la mwenye duka, na deni lilipolipwa, jina lilikatwa kwa kalamu mbele ya mdaiwa. Siri ilikuwa ya watu wawili.

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007. Mwanzoni watu waliitumia zaidi kutumiana pesa. Ilipofika mwaka wa 2013, huduma ya Lipa na M-Pesa iliwawezesha wenye maduka kupokea malipo moja kwa moja kutoka kwa wanunuzi. Hapo ndipo kumbukumbu za kutuma pesa zilipogeuka kuwa kumbukumbu za ununuzi. Daftari likatoka chini ya meza ya mwenye duka, likahamia katika mitambo ya kampuni, na nakala yake ikabaki mfukoni mwa mteja.

Kwa nini mtu afiche?

Wapo wanaodhani kwamba anayeficha ununuzi wake ana hatia. Dhana hiyo si ya haki. Mgonjwa anayenunua dawa za maradhi yanayonyanyapaliwa ana sababu njema ya kujisitiri. Vivyo hivyo mwanamke anayechangia hagbad, yaani chama cha akiba cha kupokezana ambacho ni desturi ya kale ya Wasomali, na asiyetaka akiba yake iombwe kabla ya zamu yake kufika. Mke anayepigwa nyumbani naye huenda akahitaji kulipa nauli ya basi la kwenda kwao bila ya mumewe kujua. Na yupo baba anayenunua zawadi ya Idi na kutaka iwe ya kushtukiza.

Sababu nyingine inatokana na jinsi simu inavyotumiwa. Katika nyumba nyingi, simu moja hupita mikononi mwa watu kadhaa. Isitoshe, mzazi asiyejua kusoma humpa mtoto wake aliye shuleni amsomee arafa. Mtoto huyo ndiye wa kwanza kujua mama amelipa wapi na kiasi gani.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya siri huumiza. Anayeficha malipo ya kamari huku watoto wakikosa karo hajisitiri, bali anawanyima wenziwe habari inayowahusu. Chombo cha kuficha hakiwezi kumtofautisha huyo na yule mgonjwa. Ndiyo maana ni muhimu kuelewa chombo hicho kinafika wapi na kinakomea wapi.

Mahali patatu penye kumbukumbu

Malipo yoyote ya simu huacha alama mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni simu yenyewe, yaani arafa iliyopokewa. Hii mteja anaweza kuifuta apendavyo, na kuifuta hakubadilishi chochote kwingineko.

Mahali pa pili ni taarifa ya akaunti. Mteja wa M-Pesa huweza kuiomba kupitia nambari *334# au programu ya M-Pesa, na hutumiwa katika barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari maalumu. Mteja ndiye huchagua kipindi anachotaka kionyeshwe. Malipo yaliyofutwa katika arafa hujitokeza tena hapa, moja baada ya jingine.

Mahali pa tatu ni hifadhi ya kampuni, ambayo mteja haioni wala haigusi. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2009 dhidi ya ulanguzi wa pesa inazitaka taasisi zinazohusika na fedha zihifadhi kumbukumbu za shughuli kwa muda usiopungua miaka 7. Kampuni haiwezi kuzichoma kwa sababu tu mteja ameona haya.

Mfano kutoka ng'ambo

Kampuni ya Apple ya Marekani ni miongoni mwa zilizowapa wateja njia ya kuficha walichonunua. Mtu aliyenunua programu katika duka lake la mtandaoni anaweza kuiondoa katika orodha ya manunuzi yake na kuirudisha baadaye akitaka. Njia hiyo ilipata umuhimu zaidi baada ya mwaka wa 2014, kampuni ilipoanzisha mpango wa jamaa wa nyumba moja kushiriki manunuzi. Kilichofichwa na mmoja hakionekani katika orodha wanayoiona wenzake.

Lakini kufichwa huko si kufutwa. Ununuzi hubaki katika hesabu za kampuni, na katika mpango huo wa familia, anayelipia manunuzi ya wote hupokea risiti. Huo ndio mpaka halisi wa kuficha: ni pazia la dirishani, wala si moto wa kuteketeza nyumba.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia na mambo yake ya binafsi kutofichuliwa pasipo sababu. Ili kuitekeleza haki hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, ambayo ilianza kutumika Novemba mwaka huo.

Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha sheria hiyo, mtu anaweza kuitaka kampuni irekebishe habari zake zisizo sahihi, au ifute zile ambazo kampuni haina tena idhini ya kuzihifadhi, zisizohitajika, zilizopita kiasi au zilizopatikana kinyume cha sheria. Malipo halali aliyofanya mwenyewe hayaingii kwa urahisi katika makundi hayo maadamu muda wa kuyahifadhi haujakwisha. Hata hivyo, kifungu hicho kinafungua mlango mwingine: habari zinazohitajika kama ushahidi zisifutwe, bali matumizi yake yawekewe mipaka na mhusika aarifiwe. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inatambua kwamba kati ya kuacha wazi na kufuta kuna hatua ya katikati.

Kifungu cha 41 nacho kinawataka wanaoshughulikia data waijenge faragha ndani ya huduma zao tangu mwanzo. Anayetaka kampuni ya pesa za simu impe njia ya kuficha malipo fulani katika orodha anayoiona yeye ana msingi mzuri wa kuegemea hapa.

Kuna pengo moja ambalo wasomaji wanapaswa kulijua. Kifungu cha 51 kinayaweka nje ya sheria hii mambo ya binafsi na ya nyumbani. Kampuni ikitangaza ununuzi wako, unaweza kumlalamikia Kamishna wa Data. Mume, mke au ndugu akichungulia arafa zako sebuleni, sheria hii haina la kusema. Kwa anayetafuta stara ndani ya nyumba yake mwenyewe, basi, pazia katika simu si anasa. Huenda likawa ndiyo kinga ya pekee aliyo nayo.

Kumbukumbu inapomtetea mwenyewe

Wakazi wa Kaskazini Mashariki wana sababu ya ziada ya kutotamani kumbukumbu zao zifutike. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa na kufunga akaunti za watu na mashirika 86. Familia zilizotegemea pesa za jamaa walio ng'ambo ziliathirika hadi amri dhidi ya kampuni hizo ilipoondolewa mwezi wa Juni mwaka huo.

Somo la siku hizo ni kwamba katika eneo ambako pesa hutiliwa shaka upesi, mwenye risiti ana la kujibu, na asiye nayo hubaki na neno lake tupu. Mfanyabiashara wa mifugo anayeulizwa fedha zimetoka wapi hujitetea kwa taarifa ya akaunti yake. Hata katika mambo madogo, aliyetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi huombwa aitume arafa ya M-Pesa kwa nambari 456 ili malipo yarudishwe. Aliyekwisha kuifuta kwa haraka amejikata mguu.

Macho ya mfadhili

Wapo pia watu ambao hawakuchagua daftari lao. Mnamo 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula katika kambi ya Kakuma, na mwaka uliofuata mpango huo ukafika Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Wakimbizi walipokea sehemu ya msaada wao kupitia laini za simu. Pesa hizo hazikuweza kutolewa taslimu. Zilitumika kununulia chakula tu, na kwa wafanyabiashara walioidhinishwa pekee.

Mpango huo uliwapa wakimbizi uhuru ambao mgao wa unga na mafuta haukuwapa, kwani mama aliweza kuchagua atakachopika. Lakini kila malipo yaliacha alama kwa mtoaji msaada. Mkimbizi aweza kumficha jirani yake alichonunua. Anayelipa gharama hawezi kumficha. Hali hii hutukumbusha kwamba swali la kwanza si “nifiche nini?” bali “nimfiche nani?”

Mambo ya kuzingatia

Kwa msomaji anayetaka kulinda siri za ununuzi wake bila ya kujitia matatani, haya yafuatayo yatamfaa:

Weka nambari ya siri ya kufungua simu, mbali na ile ya M-Pesa, na usimpe yeyote, hata mwenye duka unayekopa kwake.

Kabla ya kufuta arafa ya malipo, hakikisha bidhaa imefika na ni nzima. Ikiwa ni malipo makubwa, nakili nambari ya risiti mahali salama kwanza.

Ukiombwa taarifa ya akaunti na mwenye nyumba, mwajiri au mkopeshaji, toa ya kipindi kilichotakiwa tu. Miezi mitatu ikitosha, usitoe miaka miwili.

Usithubutu kuibadilisha taarifa hiyo kwa kompyuta ili kuondoa malipo usiyoyapenda. Kuficha ni haki, lakini kughushi ni kosa la jinai.

Kuwa mwangalifu na programu za mikopo zinazoomba ruhusa ya kusoma arafa zako. Ukizikubalia, umezikabidhi daftari lako lote. Mwezi Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, mmiliki wa programu mbili za mikopo, kwa kutumia majina na nambari za simu zilizopatikana kutoka kwa watu wengine na kutuma jumbe za vitisho.

Kampuni ikikataa ombi lako halali, wasilisha malalamishi kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka malalamishi yachunguzwe na kukamilishwa katika muda wa siku 90.

Mwenye duka wa zamani alijua deni la kila mteja wake, lakini daftari alilifunga mgeni alipoingia. Hakulichoma, kwa kuwa bila daftari hilo yeye na mteja wote wangepoteza. Hakuliacha wazi pia, kwa kuwa mteja aliyeaibishwa hakurudi. Kampuni zilizolirithi daftari hilo zina teknolojia ya kutosha kufanya alichokifanya mzee huyo kwa mkono mmoja, na wateja wana haki ya kuzidai zifanye hivyo.