Python mbili ndani ya ordinatere moja: namna ya kuzipanga bila kuharibu kazi

Tuchukue mufano wa mwanafunzi anayeishi Bel-Air, hapa komine ya Kampemba. Kwenye masomo wanatumia mashini mpya, lakini nyumbani iko na ordinatere ya okazi yenye Windows 7. Anabeba programu yake kwenye flashi, anaifungua nyumbani, inakataa. Wengi wanafikiri ni virusi. Mara nyingi ni toleo la lugha tu.

Python, lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na Guido van Rossum, iko na matoleo mengi. Python 3 ilitoka mwaka 2008. Python 2 iliacha kupata marekebisho tarehe 1 Januari 2020. Tena, Python 3.9 ao yenye kuifuata haiingie katika Windows 7. Kwa mashini kama hiyo, mwisho ni 3.8, na hata hiyo haipate tena marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2024.

Juu ya nini tujali? Sababu kuna kosa lenye kupiga kelele, na kuna lenye kunyamaza. Mukiandika print "Jambo" bila mabano, Python 3 inakataa palepale. Munaona kosa, munasahihisha. Lakini muiambie igawe 7 kwa 2: Python 2 inajibu 3, Python 3 inajibu 3.5. Hakuna onyo lolote. Kama ile programu inahesabu pointi za watoto wa shule ao mushahara wa wafanyakazi, mutu anapoteza haki yake na hakuna mwenye kujua.

Kwa hiyo musikimbilie kufuta toleo la zamani. Matoleo mawili yanaweza kukaa pamoja. Kazi yenu ni kuambia mashini itumie lipi.

Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika:

py --list

Itaonyesha matoleo yote yaliyo ndani. Kisha chagua:

py -3.8 kazi.py

Katika Ubuntu, andika jina la toleo lenyewe, kwa mufano python3.10 kazi.py. Na hapa muangalie vizuri: Python iliyokuja na Ubuntu musiifute hata siku moja. Vyombo vingi vya mfumo vinaitegemea. Mukiiondoa, mashini inaweza kukosa kufunguka vizuri.

Njia nzuri zaidi ni kupatia kila kazi chumba chake:

py -3.8 -m venv chumba
chumba\Scripts\activate

Katika Ubuntu, mustari wa kwanza unaanza na jina la toleo, kwa mufano python3.10 -m venv chumba, na wa pili unakuwa source chumba/bin/activate. Tangu hapo, kila kitu munachoongeza kwa pip kinabaki mule ndani, hakigusi kazi ingine. Mukimaliza, andika deactivate.

Kama mega ni kidogo, rafiki mmoja apakue faili ya kuingiza Python kutoka ukurasa wa python.org, wengine waichukue kwa flashi. Ni faili ileile.

Mwisho: mbele ya kutoa kazi kwa mwalimu ao kwa mwenye kuwalipa, muandike juu ya programu toleo gani mulitumia. Ni mustari mumoja tu, lakini unaokoa usiku muzima wa kutafuta kosa lisilokuwako.