Jedwali la Mafuta: Kutoka Koni ya Chuma Hadi Uani Katangi

Kwa wasioijua, Katangi ni soko dogo huku Yatta, Kaunti ya Machakos. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Jumamosi huwa nipo uani na mradi wangu: Toyota Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-GZE, ile ya lita 1.6 ambayo Toyota waliifunga supachaja kiwandani. Nimekuwa nikibadilisha mfumo wake wa injeksheni, na watu huniuliza mtu wa kompyuta anatafuta nini kwenye petroli. Jibu ni refu kidogo na linapitia historia, kwa hiyo leo nimeamua kuliandika.

Tuanze na hesabu. Ili petroli iungue vizuri, kilo 1 inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi sana, gari linatoa moshi mweusi na plagi zinashika masizi. Yakipungua wakati injini imebeba mzigo, joto linapanda, mchanganyiko unaanza kulipuka ovyo, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka. Sasa ongeza supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inashindilia hewa zaidi ndani ya silinda, na hewa ikiongezeka mafuta nayo lazima yaongezeke papo hapo. (Zile Mercedes zilizoandikwa Kompressor nyuma, unazopishana nazo Nairobi kila siku, ndizo hizo: zina supachaja.)

Kwa hiyo swali ni moja: nani anaamua kiasi cha mafuta, na jibu lake limeandikwa wapi? Kwa maoni yangu, historia yote ya injeksheni ni historia ya mahali jibu hilo lilipoandikwa, na ya nani aliyeweza kulifuta na kuliandika upya.

Zamani jibu lilikuwa tundu. Kabureta ina jeti, kijitundu cha shaba, na ukubwa wa tundu ndio uamuzi wenyewe. Fundi mwenye bisibisi na sikio zuri angeweza kuurekebisha chini ya mwembe. Shida ya tundu ni kwamba halijui liko wapi. Mombasa, usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, ni kama 83. Jeti iliyopimwa Mombasa itamwaga mafuta mengi mno ikifika Nairobi.

Hapo ndipo mashindano ya Safari yanapoingia. Yalianza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalipita vumbi na matope ya Afrika Mashariki, njia za Ukambani zikiwemo. Mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, pamoja na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404 ya injeksheni. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda na Peugeot 504 ya injeksheni. Tusiidharau kabureta lakini: Joginder Singh wetu alishinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari la kabureta mbili.

Pampu ya Peugeot hizo ilitoka Ujerumani, kwa Kugelfischer, na haikuwa na waya wa kompyuta hata mmoja. Pampu za aina hiyo ziliamua kwa koni ya chuma yenye mabonde na vilima usoni mwake. Kasi ya injini iliisogeza koni upande mmoja, kikanyagio cha mafuta kikaisogeza upande mwingine, na kipini kilichogusa uso wake kikapima kimo cha chuma mahali hapo. Kimo hicho ndicho kilichokuwa kiasi cha mafuta. Mimi nilipoielewa koni hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi waandika programu tunaijua: ni jedwali. Unaingia na namba mbili, unatoka na moja. Tofauti ni kwamba wao walilichonga kwenye chuma. Ukitaka kubadilisha namba moja, unachonga koni nyingine.

Hatua iliyofuata ilisukumwa na moshi wa mijini. Mwaka 1967 Bosch walileta D-Jetronic, wakaifunga kwanza kwenye Volkswagen 1600 za soko la Marekani, ambako sheria za hewa safi, hasa California, zilikuwa zimeanza kukaza. Hapo jibu lilihamia kwenye transista na rizista. Mwaka 1979 ikaja Motronic, kwenye BMW 732i, ambayo iliendesha mafuta na moto wa plagi kwa pamoja kidijitali. Jibu likawa namba ndani ya chipu. Kinadharia lilikuwa rahisi kubadilishwa kuliko wakati wowote. Kwa vitendo lilifungiwa ndani ya kisanduku, na ufunguo ukabaki kiwandani.

Na supachaja? Mfano mzuri tuliouona huku ni Lancia Rally 037, iliyotumia supachaja badala ya turbo. Iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983, lakini Safari haikushinda. Mwaka 1986 Markku Alén alimaliza nayo nafasi ya tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili za turbo, na Celica hizo ndizo zilizotwaa Safari ya 1984, 1985 na 1986. Sisemi turbo pekee ndiyo iliyoleta ushindi, kwani Safari ilishindwa kwa uimara kwanza. Lakini angalia hesabu. Supachaja ya mkanda huzidisha hewa inayoikuta. Ikizidisha mara 1.5, Mombasa unapata kilopaskali kama 151, Nairobi unapata kama 124 tu. Turbo inaweza kuachwa izunguke kasi zaidi ili kufidia. Maana yake ni kwamba jedwali la gari la supachaja lililoandikwa pwani halitoshi bara, wala la bara halitoshi pwani, mpaka kuwe na sensa inayopima presha yenyewe.

Sasa turudi kwetu. Magari ya mtumba kutoka Japani yalipojaa Kenya, yalikuja na visanduku vyake. Fundi mmoja mzee hapa Katangi, ambaye amefungua kabureta tangu kabla sijazaliwa, aliwahi kuniambia kwamba kabureta ilikuwa inaulizika, lakini kisanduku hakiulizwi kitu. Gari likikosa nguvu, alichobaki nacho ni kubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na pesa ni za mteja. Hiyo si hasara ndogo. Ni ujuzi wa miaka mingi uliopoteza kazi bila mwenyewe kufanya kosa lolote.

Mlango ulifunguka mwaka 2001. Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu angeweza kuiunganisha mwenyewe nyumbani kwa kuchomelea vipande. Ya kwanza ilikuwa na chipu ya Motorola ya biti 8 na jedwali la 8 kwa 8, visanduku 64. Baadaye ikaja Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino Mega, yenye jedwali la 16 kwa 16, visanduku 256, na programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Kama umewahi kufungua lahajedwali, unajua karibu kila unachokiona: mstari huu ni presha, safu hii ni mizunguko, na hapo zinapokutana ni namba ya mafuta.

Wazi haimaanishi rahisi. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, mzunguko kamili wa mipigo minne unachukua milisekunde 17 hivi. Nozeli ikihitaji kufunguka milisekunde 15, imetumia karibu asilimia 88 ya muda wote, na mafundi hawapendi kuvuka 80 au 85. Ukiweka puli ndogo kwenye supachaja ili izunguke kasi zaidi, unaweza kuandika namba yoyote kwenye jedwali, lakini nozeli ndogo haitaitimiza. Nozeli kwanza, pampu ya mafuta pili, namba mwisho.

Kuna historia mbili nyingine zinazokaa kimya ndani ya jedwali hili. Ya kwanza ni risasi. Bila sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huwezi kujua kama namba yako ni sahihi, na petroli yenye risasi huua sensa hiyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006, kwa hiyo kazi hii ya uani ingekuwa ngumu sana hapa miaka michache kabla. Ya pili ni mafuta taa. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzima biashara ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Petroli iliyochanganywa hugonga mapema, na kwenye injini ya supachaja mgongo huo ndio unaotoboa pistoni.

Kwa wenye hamu ya kujaribu: anza na mafuta mengi kuliko yanayohitajika, kisha punguza kidogo kidogo. Badilisha eneo moja kwa wakati, na hifadhi rekodi ya kila jaribio. Presha ya mafuta ni kama bar 3, kwa hiyo mpira uliochoka unanyunyiza petroli juu ya ekzosi ya moto. Kizima moto kiwe karibu, na majaribio yasifanyike barabara wanayopita watoto wa shule. Kwenye programu ukiharibu, unarudisha toleo la jana. Pistoni haina toleo la jana.

Siku hizi yule mzee na mimi tunafanya kazi pamoja. Yeye anasikiliza injini na kuniambia inapoanza kugonga, mimi natazama kwenye laptopu ni kisanduku gani kinachosomwa wakati huo. Mara nyingi sikio lake linatangulia sensa zangu. Alipoliona jedwali mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: hizi namba tunaweza kuzibadilisha wenyewe? Tunaweza, na vijana wawili wa gereji yake wameshaanza kujifunza. Kwa leo niishie hapa. Kila la heri.